Dakika ya Mjukuu

Ndani ya basi, mtafiti kijana alikuwa akimsimulia bibi aliyeketi naye, fundi cherehani, jinsi anavyopima watoto wanasoma maneno mangapi kwa dakika. "Leo binti mmoja mwenye kiraka cha kijani kwenye kola aliikodolea macho karatasi mpaka dakika ikaisha. Nimempa sifuri. Atarudishwa darasa la kwanza, masikini."

"Kiraka hicho nimekishona mimi. Ni mjukuu wangu, na nimemfundisha kukagua kitambaa chote kabla ya kukata."

"Lakini bibi, dakika ni dakika."

"Haya, nikukatie suruali kwa dakika, baba, uone mguu mmoja unavyoishia gotini!"

Kijana alicheka shingo upande. Basi liliposimama, bibi akashuka. Kijana akatoa kichwa dirishani. "Bibi! Kesho atakuwepo shuleni?"

"Atakuwepo. Saa yako iache nyumbani."