Wimbi Linapita, Kamba Inabaki

Mbele ya karakana ya baiskeli palikuwa na benchi refu, mguu wake mmoja umeinuliwa kwa kipande cha tairi, na kila alasiri wenyewe walikuwa walewale: Spana, mwenye karakana, mtu asiyekubali kushindwa, Kamusi, karani mstaafu, mwenye jibu hata kabla ya swali, na Mita, fundi cherehani, utepe shingoni mchana kutwa. Mzee Birika aliwauzia kahawa na kuwaamulia ugomvi. Siku hiyo alikuwa kimya, maana kitinda mimba wake, binti aliyekuwa akisoma chuo, ndiye aliyekaa katikati ya benchi. Kesho yake angesimama mbele ya walimu aeleze kwa mdomo mlinganyo wa wimbi. Mara ya kwanza kigugumizi kilimkaba, mwalimu mmoja akamdakia sentensi, kisha wakamwandikia kwamba hajui. Asubuhi jikoni alimwambia baba yake: “Baba, leo nikikwama, usinimalizie.” Mzee akaitikia. Lakini alikuwa akimmalizia maneno tangu anajifunza kusema, na hakujua namna nyingine ya kumpenda mbele za watu.

— Haya, binti yetu, sisi ndio walimu, alisema Spana akijifuta grisi. Anza. Mimi ni mkali, nakwambia mapema.

Binti alifunga kamba ya kuanikia nguo kwenye nguzo ya karakana, akaivuta ikakaza, akaitikisa mara moja. Kinundu kikakimbia hadi kwenye nguzo.

— M-mmeona nini?

— Kamba imekwenda mbele, alisema Kamusi. Mwenda pole hajikwai.

— Imekwenda wapi na wewe unaiona hapo? aliuliza Mita.

— Imekwenda kwa ndani! Kamba zina nyuzi. Za ndani husafiri, za nje hubaki kulinda nyumba.

— Kamusi, una kurasa zilizochanika, alisema Spana. Hiyo ni nguvu ya mkono. Mkono umeituma, nayo imekwenda. Mkono ungekuwa wangu, nguzo ingeng’oka.

Binti alicheka. Akamwomba Mita kitambaa chekundu, akakifunga katikati ya kamba, akatikisa tena. Kitambaa kikaruka juu, kikashuka, kikatulia palepale.

— Kamba haiendi popote. K-kinachosafiri ni umbo. Kila kipande kinatazama majirani zake wawili tu. Wakiwa juu yake, wanakivuta juu. Wakiwa chini, wanakivuta chini. Kamba ikijipinda zaidi mahali, p-p-p...

Mzee Birika alilijua neno. Lilikuwa limemkalia kwenye ncha ya ulimi. Akashika mpini wa birika mpaka ukamchoma, akanyamaza.

— ...pale inavutwa kwa nguvu zaidi. M-mlinganyo mzima unasema hilo.

— Basi ni umbea! Mita alipiga paja. Jirani kamwambia jirani, naye kamwambia jirani, mpaka mwisho wa mtaa. Na aliyesema kwanza hajatoka kwake!

— K-karibu sana, shangazi. Ila huu umbea haunogeshwi njiani. Unafika na umbo lilelile.

— Basi si umbea wa mtaa huu.

Hata Mzee Birika alicheka. Binti akaifungua kamba kwenye nguzo, akampa Kamusi ncha moja, Spana nyingine, akawaambia watikise pamoja. Vinundu viwili vikakimbiliana. Kamusi akafumba macho.

— Vitagongana! Fahali wawili hawakai zizi moja!

Vikakutana katikati, kikawa kinundu kimoja kirefu kwa kufumba na kufumbua, kisha kila kimoja kikaendelea na safari yake kana kwamba hakikukutana na mtu.

— Vimepishana, alisema Mita taratibu. Bila hata kuchubuana.

— Ndiyo jibu la mlinganyo, alisema binti, na sauti yake ilikuwa imepata njia. Umbo moja linakwenda kulia, jingine linakwenda kushoto, unayajumlisha. Kwenye kamba ya namna hii, ukiitikisa utakavyo, utapata hayo mawili tu. Kasi yao haitokani na mkono, mjomba Spana. Inatokana na jinsi kamba ilivyokazwa na uzito wake.

— Mkono wangu hauna kazi?

— Mkono unachagua umbo. K-kamba inachagua kasi.

Spana alikaa. Katika miaka yote ya benchi hilo, hakuna aliyekuwa amemwona akikaa kabla hajashinda.

— Na likifika kwenye nguzo? aliuliza Kamusi. Linaingia ndani yake, si ndiyo? Wembamba wa reli...

— Linarudi, limepinduka. N-nguzo haikubali kusogea.

Akaifunga tena kamba kwenye nguzo, akaonyesha. Kinundu kilichokwenda kikiwa juu kilirudi kikiwa chini. Mama mmoja aliyekuja kuchukua baiskeli yake alikuwa amesimama muda mrefu, pampu mkononi, akitazama.

— Mwanangu, samahani, mimi mpita njia. Hicho kipande kidogo cha kamba, nani kakifundisha hesabu?

Kamusi alifungua mdomo, akaufunga. Spana akatazama nguzo. Binti akavuta pumzi.

— S-s-s...

Neno lilikwama, na safari hii lilikwama kabisa. Mita alimtazama Mzee Birika, kama watu walivyozoea kumtazama. Mzee hakulisema. Alimtazama mwanawe usoni, akangoja, na kungoja kule kulimuuma kuliko kusema kulivyowahi kumuuma.

— Sijui, mama, alisema binti. Kwa k-kweli sijui.

— Na kesho wakikuuliza hivyo? Spana alisema kwa upole ambao haukuwa wake.

— Nitawaambia sijui. Nao watangoja nimalize.

Mama aliitikia kwa kichwa kama aliyeridhika, akasukuma baiskeli yake akaenda. Mzee Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha bintiye. Likatoka tone moja.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Hakuna aliyeinuka.