Sista Espérance Kavira, Binti Ambaye Papa Zacharie Hakukubali Kumtoa (1978–2025)

Sista Espérance Kavira alizaliwa Butembo tarehe 9 Mei 1978, mmoja kati ya watoto saba wa Papa Zacharie Paluku na Mama Tina Katungu. Mwaka 1986 familia ilihamia Bunia, mtaa wa Saio, na Papa akafungua duka la vitenge.

Alisoma hapa Bunia, akapata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari mwaka 1997, upande wa ualimu. Papa alikuwa na mpango wake: asubuhi Espérance angefundisha, jioni angesimamia duka, maana hakuna mtoto mwingine aliyejua kubishana na wateja kama yeye. Hakufikiri kwamba ubishi ule ungemgeukia yeye mwenyewe.

Kuhusu ndoa, Agosti 1999 wazee walifika Saio kumposea Olivier, mwalimu mwenzake. Mbuzi walikuwa wamekwisha kufungwa nyuma ya nyumba, wageni wamekaa, Espérance alipoingia akapiga magoti mbele ya baba yake.

— Papa, musipokee kitu. Miye nimeitwa.

— Umeitwa na nani tena? Muchumba si huyu hapa!

— Na Mungu, Papa.

Papa alishika kichwa kwa mikono miwili.

— Mu Bunia yote, Mungu hakuona binti mwingine?

— Namiye nilimuuliza vile vile. Miaka mbili niko namukatalia. Ananichokesha kuliko weye.

Mbuzi walirudi kwao siku ile ile. Mwezi mzima Papa hakumsemesha, isipokuwa kumwambia kwamba chumvi imezidi kwenye mboga.

Aliingia utawa, akaweka nadhiri za kwanza mwaka 2003, na za daima tarehe 15 Agosti 2009. Papa alihudhuria zote mbili, akilalamika tangu mwanzo hadi baraka ya mwisho kwamba misa ni ndefu.

Shirika lake la masista lilimtuma Fataki, akaongoza shule ya msingi. Vita vilipokaribia mwaka 2019, Papa alimpigia simu kila siku akimwambia atoke. Jibu lilikuwa moja: watoto bado wako hapa. Mwezi wa Juni lori lilisimama mbele ya duka la Bunia, Sista akashuka, na Papa akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha turubai likafunguliwa, wakaanza kushuka akina mama na watoto wao, bila kwisha.

— Espérance, hapa ni duka ao ni kambi?

— Ni kwako, Papa. Ningewapeleka wapi?

Papa alifoka mpaka majirani wakatoka. Halafu akafungua stoo, akaburuta marobota ya vitenge nje, ili watu wapate pa kulala. Wakimbizi wale walikaa miezi minne. Papa alinung'unika miezi yote minne, na hakumfukuza hata mmoja.

Mwaka 2023, akiwa amehamishiwa kufundisha Gety, Sista aligundua uvimbe kwenye titi. Akanyamaza mwaka mzima, kwa sababu hapakuwa na mwalimu wa kushika darasa lake. Alipolazwa ndipo Papa akapata habari, akaingia hospitalini akiwa amewaka kwa hasira:

— Unamuambia Mungu peke yake? Siye tuko nani?

— Niliogopa, Papa, alisema, akalia.

Papa alivuta kiti, akaketi, na tangu siku ile duka lilifungwa. Yeye ndiye aliyemnywesha uji.

Jioni ya tarehe 3 Februari 2025, Sista alimwomba baraka ili aende.

— Tangu lini weye unaomba ruhusa? Papa alimwuliza.

Lakini alimchorea msalaba kwenye paji la uso, na mkono ukabaki pale mpaka aliposinzia. Alifariki alfajiri, akiwa na miaka 46.

Ameacha Mama Tina, ndugu zake, wakiwemo Michée, Dany na Dorcas, masista wenzake, wanafunzi wa Fataki na Gety, na Papa Zacharie, ambaye ametaka iandikwe wazi kwamba bado hajamaliza kubishana naye.

Dada yetu mpendwa, yeye aliyekuita akulaze sasa, upate mapumziko uliyoyakataa hapa duniani. Amina.