K ya Mzee Fanueli

Mwaka themanini na sita, ndani ya basi la Muheza kwenda Tanga, nyuma yangu waliketi wachoraji wawili wa mabango, wakibishania ubao wao wa sampuli. "Mzee Fanueli, ile 'HAKUNA SUKARI' tuifute," binti alisema. "Siku hizi maduka yamejaa. Tuandike 'VYOTE VIPO'."

"Shahida, mwanangu, HAKUNA imetulisha miaka saba. Na hiyo yako haina hata K moja. K yangu yenye mkia nitaiweka wapi?"

K hiyo niliifahamu. Niliisoma kwenye kila duka lililonirudisha mikono mitupu.

"Mteja haji kula K, mzee."

Basi likakohoa, likasimama Pongwe. Kondakta akachovya kijiti kwenye tangi, kikatoka kikavu. "Jamani, hakuna dizeli!"

Mzee Fanueli akachungulia dirishani. "Kijana, tukuandikie?"