Kobe Aliyenitoa Aibuni

Krrr-tak! Krrr-tak! Ndugu zangu, Bwana apewe sifa zake asubuhi ya leo! Sauti hiyo ninayo masikioni hadi sasa. Ni kompyuta ya chuo chetu cha ufundi hapa Garissa ikisoma diski, na kila ilipolia hivyo, moyo wangu nao ulijibu krrr-tak.

Mnanijua, mimi ni Rehema wa kwaya, safu ya nyuma. Niliishia darasa la nane. Mungu akanipa nafasi ya kusomea uchoraji wa maua ya leso na vitambaa, nikawa naota mchana kweupe: siku moja maua yangu yatavaliwa kutoka hapa mpaka Elwak! Basi muhula wa pili ikaletwa kompyuta, moja tu, na sisi tuko kumi na mmoja. Mwalimu Wario akasema kila mtu achague lugha moja ya kuiamrisha, na baada ya mwezi aonyeshe ua kwenye kioo chake. Atakayeshindwa atarudi kwa penseli, zamu yake apewe mwingine.

Kulikuwa na lugha ya LOGO. Hiyo unamwamuru kobe mdogo atembee kwenye kioo, na anakopita anaacha mstari. Niliipenda palepale! Lakini Abdi, kijana mcheshi wa dawati la mbele, akaangua kicheko.

"Rehema, hiyo ni ya watoto wa nasari! Sisi hapa tunachunga ngamia, wewe unataka kuchunga kobe?"

Darasa zima likacheka. Nami, ndugu zangu, kiburi kikanipanda kichwani. Nikasema kwa sauti kubwa, "Mimi nachukua Pascal, lugha ya wakubwa." Pascal yenyewe sikujua kama ni mtu au ni chakula!

Wiki tatu! Nikisahau alama moja, kosa. Nikiiweka, kosa jingine. Sikuchora hata jani. Niliomba sana, lakini niliomba vibaya: Bwana, nifanye mjanja wa Pascal. Kusema mbele ya watu kwamba nimekosea kuchagua, hilo sikutaka kulisikia.

Jumamosi jirani yetu alikuwa anaoza binti, nikaenda kupakwa hina. Aliyepaka ni Halima, tunamwita Edo, yaani shangazi, mama mwenye maneno ya pilipili. Akachora jani moja kwenye kiganja changu. Akakigeuza kiganja kidogo, akachora jani lilelile. Akakigeuza tena.

"Edo, mbona unageuza mkono wangu na si wako?"

"Wallahi, kwani huko chuo munasoma nini? Mimi najua jani moja tu. Nachora, nageuza, narudia mara sita, ua imekwisha. Tulia, abaayo, dada yangu, usitingishe, itakuwa kama ngamia amekanyaga!"

Ndugu zangu, sikieni! Jani, geuza, rudia! Si huyo ni kobe? Bwana alikuwa ananijibu kwa kijiti cha hina, na mimi nilikuwa namngoja ndani ya kitabu kinene cha Pascal.

Jumatatu nikasimama mbele ya wote. "Mwalimu, nilichagua kwa kiburi. Naomba LOGO."

"Mchunga kobe amerudi malishoni!" akasema Abdi. Wakacheka, na ajabu ya Mungu, nami nikacheka. Mzigo ukaanguka palepale!

Mwalimu akasema tu, "Umebakiwa na siku nne."

Siku ya nne kobe alichora jani, akageuka, akarudia mara sita, na ua likakamilika. Haleluya! Abdi mwenyewe akavuta kiti. "Hebu nionyeshe hapo anapogeuka."

Zamu yangu ninayo mpaka leo, namshukuru Mungu, na Edo Halima namshukuru pia. Ndugu uliyeketi hapo, kama kuna kitu umekibeba kwa sababu tu watu walikucheka, kiweke chini leo. Mwamini Yeye. Alikuumba akijua mkono wako unapenda nini.

Na jambo moja sijamwambia mtu. Siku ile, wenzangu walipotoka kwenda kula, nilibaki peke yangu. Ua lilikuwa bado linang'aa kijani. Nikakilaza kiganja changu chenye hina juu ya kioo, ua kwa ua, nikasema amina, kisha nikaizima kompyuta.