Marehemu Eruera Karaka, Aliyemkata Babu wa Watu

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, Hūria, kitinda mimba wa marehemu, niwasomee maisha ya baba, naye aliagiza yasomwe yote, hata pale yanapomwaibisha.

Eruera Karaka alizaliwa tarehe 9 Mei 1948 hapa Hokianga, akasoma shule ya hapa hapa hadi 1961, na mwaka 1965 akaenda mjini Auckland kubomoa nyumba kuukuu, na wenzake waliporudi na mshahara, yeye akarudi na milango na miguu ya vitanda, akaichonga na kuiunganisha kuwa sanamu. Tarehe 12 Februari 1972 alimuoa mama yetu, Ngāhuia, wakajaliwa watoto watatu, na mama hajapata kuwa na sebule isiyo na misumari.

Mwaka 1984 aliokota ubao wa nakshi uliofanywa mlango wa banda la kuku, akaukata katikati kwa msumeno, akautia katika sanamu, na kwenye maonyesho ya 1986 Bibi Mereana, wa ukoo wa ng'ambo ya ghuba yetu, akautambua kuwa ni mhenga wao aliyechongwa, kutoka nyumba ya ukoo iliyoungua, akamwambia mbele za watu, "Umemkata babu yetu kiunoni." Baba aliuficha ubao miaka tisa kwa aibu, hadi tarehe 3 Juni 1995 mama alipompakia garini, yeye na ubao, wakavuka. Bibi Mereana aliulilia ubao, kisha akasema, "Muunge. Ukimaliza, nenda kwenu." Akaunga, akarudi, na neno la msamaha hakulisikia.

Machi 2022 aliugua mapafu kwa vumbi la mbao, na kila Jumapili akauliza, "Ng'ambo wamesema nini?" Alifariki nyumbani tarehe 3 Agosti 2023, alfajiri.

Jana magari yao matatu yaliposhuka kivukoni, tulijiandaa kuomba radhi. Bibi Mereana, miaka tisini na mmoja, alisimama penye jeneza lililo wazi, akasema naye uso kwa uso, kama tusemavyo na wafu wetu, "Eruera, nilinyamaza nikingoja nione kama kiungo chako kitashika. Kimeshika. Sasa twende, tukuzike kwetu."

Wazee wetu wakakataa, wao wakang'ang'ania, na baba yetu, aliyejiona hana uso kwao, akagombewa hadi chakula cha jioni, jambo ambalo hapa kwetu hafanyiwi mtu asiyependwa. Wamekubali abaki, kwa sharti kwamba kaburi walichimbe wao, nao wamelichimba asubuhi hii, nasi tumepumua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolisha wageni, na wabomoaji wenzake wa zamani.

Pumzika kwa amani, baba, ng'ambo wamesema.