Ndoo Namba Saba

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Hamira anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha bia. Kwa muda mwingi wa miaka hiyo ameshika ufunguo wa friji ya maabara tunamokuza hamira ya kuchachushia bia, na ole wako uuguse bila kunawa mikono.

Alianza kwa kuosha chupa. Mkuu wa maabara alimchukua baada ya kugundua kwamba anaweza kunusa tangi lililoanza kuharibika akiwa bado mlangoni. Pua hiyo imetuokoa mara nyingi, ingawa pia imewaumbua waliokuja kazini na harufu ya pombe ya jana.

Lakini fahari yake kubwa ni bia ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Miaka kumi na miwili iliyopita bia hiyo ilitushinda kabisa. Maua ya hopsi tuliyaongeza, tukayapunguza, bia ikabaki chungu kama dawa. Wakubwa wakatoa mwezi mmoja: ikishindikana, bia inafutwa, maabara inafungwa, na hamira itanunuliwa ya pakiti. Mama Hamira alisimama kikaoni akasema hopsi hazina kosa, ila tumezipa hamira isiyoelewana nazo. Tulicheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti.

Alichukua likizo akahamia jikoni kwake. Maji ya kimea yaleyale, hopsi zilezile, ndoo tisa, kila ndoo na aina yake ya hamira. Zilipoanza kuchachuka alizipanga bafuni kwenye ubaridi, na shemeji yetu, mume wake, akaoga kwa jirani wiki tatu nzima. Hamira moja ilizama chini mapema kabla ya kumaliza sukari, ikaacha bia tamu kama sharubati. Nyingine haikuongeza harufu yoyote, uchungu ukabaki peke yake. Ile ya ndoo namba saba ilitoa harufu ya matunda iliyoendana na hopsi ajabu, ila haikutaka kutulia chini, na bia ikawa na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele.

Alijua wakubwa wakiiona tu wataimwaga. Kwa hiyo siku ya kuonja alileta vikombe vya bati vyeusi ndani. Waonjaji wote sita walichagua namba saba. Mkurugenzi akaimimina kwenye glasi, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akainywa yote. Leo ndiyo bia yetu inayopendwa kuliko zote, pamoja na ukungu wake, na maabara ina friji tatu.

Jana alikabidhi ufunguo kwa mrithi wake, ambaye ni mimi. Kicheko cha kikaoni hakukitaja. Alinionyesha sinki tu, akasubiri.

Asante, Mama Hamira. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha na bafu lisilo na ndoo. Namba saba iko salama. Mikono nimenawa.