Mzee Hezekia na Tanki la Viputo

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mzee Hezekia Shemhilu anastaafu katika kiwanda chetu cha mkwinini, mti wa dawa ya malaria, hapa Kwamkoro. Alikuja kutoka kwao Shume akiwa kijana mwembamba, akaanzia kwenye kupokea magome ya miti. Tuliofanya naye kazi tunajua kwamba sehemu kubwa ya miaka hiyo aliimaliza akitazama kioo cha tanki, kimya, kama mtu anayetazama mvua.

Asiyeijua kazi yetu aambiwe kwa kifupi. Uchungu wa gome ndio dawa. Tunalilowesha gome ili uchungu utoke na kuingia kwenye mafuta, kisha mafuta yanakorogwa na maji yenye asidi, na maji yanaunyakua uchungu. Vikitulia, mafuta hukaa juu na maji chini, nasi tunayafungulia maji. Tatizo lilikuwa hapo kwenye kutulia. Mapanga ya mota yalikoroga kwa nguvu mno, mafuta na maji yakashikana yakawa uji mweupe usioachana hata kwa wiki nzima.

Uongozi ukaamua kuifunga idara yetu ya matanki. Sisi tulikuwa tunaachishwa kazi na kurudi nyumbani. Mzee Hezekia alishapata uhamisho wa Tanga, na mkewe, Bi Cecilia, alishafunga mizigo. Mzee akaomba tanki moja la mwisho, likorogwe kwa hewa: bomba lenye matundu chini, kompresa ya kusukuma hewa nje, basi. Mhandisi Scholastica alikuwa na wazo hilo hilo siku nyingi, ila alikosa mwenzake. Wakashikana mikono.

Mara ya kwanza walifungua hewa yote. Mafuta yalifurika sakafuni, na Mzee akateleza akakaa chini mbele ya meneja kwa heshima zote. Tulicheka, ingawa mioyoni tulishaagana. Haraka haraka haina baraka. Wakaipunguza hewa mpaka viputo vikawa vinapanda taratibu, vidogo, vinang'aa, huku ukungu ukiingia dirishani. Bi Cecilia alikuja kumhimiza mumewe kuhusu basi la Tanga. Akasimama kwenye kioo, naye akasahau basi. Liliondoka na mizigo yao.

Hewa ilipofungwa, mafuta yalipanda juu na maji yakabaki chini, safi kabisa. Tulilia waziwazi. Idara haikufungwa, na Mzee hakwenda tena Tanga.

Leo mkisikia mbubujiko nyuma ya hotuba, msiuzime. Ameomba mwenyewe. Aliwahi kulisikia tanki hili likiwa kimya, siku zile idara ilipokaribia kufungwa, na hataki kutoka mlangoni na ukimya ule masikioni.

Mzee wetu, asante. Watoto wetu wamesomeshwa na tanki hili. Nenda Shume na Bi Cecilia mkapumzike kwa furaha na afya njema. Hewa tumeiacha wazi.